Mwalimu Kuku: Funzo la Mchezo wa Kijapani kwa Mwalimu wa Lugha

Utangulizi

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili ngeli za nomino, uambishaji, fasihi simulizi na uhaba wa vitabu vya kiada. Leo tunawaomba radhi wasomaji wetu, walimu kwa wanafunzi, kwa kuwaletea jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihusiani na darasa hata kidogo. Tunakusudia kueleza mchezo mmoja wa Kijapani wa kuwinda madubwana, unaochezwa kwenye mashine ndogo ya kushika mkononi. Baada ya kuueleza mchezo huo tutaonyesha ni kwa nini ulitufanya tuzitoe upya karatasi za wanafunzi wetu ambazo tulikuwa tumekwisha kuzisahihisha.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba sisi si wataalamu wa michezo hii. Tulifundishwa kuucheza na mpwa wetu, mwanafunzi wa sekondari, aliyekuja kukaa nasi Kampala wakati wa likizo. Alikuja na mashine ya PSP aliyoinunua mitumba, na alikuja pia na alama mbaya za Kiswahili. Tulipatana naye kwamba kila jioni tutatumia saa moja pamoja. Yeye atufundishe mchezo wake, na sisi tumfundishe lugha yetu. Sharti lilikuwa moja: mashine ikiwashwa, hakuna kuzungumza lugha nyingine isipokuwa Kiswahili. Atakayekiuka ataosha vyombo.

Mchezo wenyewe

Mchezo huo unaitwa Monster Hunter Freedom Unite. Ulitungwa na kampuni ya Capcom yenye makao yake Osaka, na ulitoka Japani mwaka 2008 kwa jina la Monster Hunter Portable 2nd G, kisha ukafika Ulaya na Marekani mwaka 2009. Mchezo wa kwanza katika mfululizo huu ulitoka mwaka 2004 kwa mashine ya PlayStation 2, inayounganishwa na televisheni. Hata hivyo, mfululizo huu ulipata umaarufu mkubwa nchini Japani baada ya kuhamishiwa kwenye PSP mwishoni mwa mwaka 2005.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. PSP iliweza kuunganishwa na nyingine zilizo karibu bila waya na bila intaneti, na wachezaji hadi wanne wakawinda pamoja. Kwa hiyo watu walikutana. Wanafunzi waliwinda baada ya masomo, wafanyakazi waliwinda wakiwa safarini katika treni, na marafiki walikaa muda mrefu mikahawani, kila mmoja na mashine yake, wakipeana maelekezo. Wajapani wenyewe hulifupisha jina la mchezo na kuuita Monhan. Toleo lililofuata, Monster Hunter Portable 3rd la mwaka 2010, liliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni 4. Usafirishaji wa PSP madukani ulikoma mwaka 2014, lakini mashine hizo zingali zikipita mikononi mwa watu, kama ile ya mpwa wetu.

Michezo ya aina hii huhesabiwa katika kundi ambalo sisi walimu tungeweza kuliita igizo dhima. Mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani na kutenda kwa niaba yake. Katika michezo mingi ya kundi hilo, mhusika anaposhinda vita hupewa alama, na alama zikitosha hupanda daraja na mwili wake kuongezeka nguvu. Ukikwama mahali, unarudi nyuma, unaua wanyama wadogo mia moja, kisha unarudi ukiwa na nguvu za kumponda adui aliyekushinda.

Monster Hunter haifanyi hivyo. Mwindaji wako hapati nguvu kwa kuhesabiwa alama. Anaweza kupata upanga bora na mavazi magumu zaidi, yanayotengenezwa kwa magamba, mifupa na kucha za madubwana aliyowinda. Lakini hata upanga bora haumsaidii mtu asiyejua wakati wa kuutumia. Kinachokua kwa kweli ni ujuzi wa yule aliyeishika mashine. Jambo hili ndilo lililotuvutia.

Namna unavyochezwa

Mwindaji huishi katika kijiji cha milimani kiitwacho Pokke. Mwanzoni kabisa anapanda mlima wenye theluji, anavamiwa na dubwana linaloitwa Tigrex, na anaporomoka gengeni. Anazindukia kijijini. Tangu hapo anapewa kazi moja baada ya nyingine, ndogo kwanza, kubwa baadaye.

Kila kazi ina mipaka. Kwa kawaida muda ni dakika 50. Mwindaji akipigwa hadi kuzimia, paka wanaotembea kwa miguu miwili humpakia mkokotenini na kumtupa kambini kama gunia la mihogo. Kila anapozimia, zawadi yake ya fedha hupunguzwa. Akizimia mara ya tatu, kazi imeshindikana na inabidi kuanza upya.

Kuna mambo madogo ambayo mchezo huu unayatilia mkazo kuliko michezo mingi. Upanga huwa butu kwa kutumiwa, na upanga butu ukigonga gamba gumu hudunda, na mwindaji huyumba. Inambidi achutame na kuunoa kwa kinoo, na kunoa huchukua muda. Dawa ya kuponya majeraha nayo huchukua muda. Mwindaji anakunywa, kisha anasimama na kutunisha misuli kwa fahari, na katika nukta hizo hawezi kukimbia wala kujikinga. Mlimani anahitaji kinywaji cha moto ili baridi isimmalize, na jangwani kinywaji baridi. Asipojiandaa kabla ya kuondoka, hujuta akiwa njiani.

Lililo muhimu kuliko yote ni hili: dubwana halionyeshwi limebakiwa na uhai kiasi gani. Hakuna mstari juu ya kioo unaopungua kila unapolipiga. Ukitaka kujua hali yake, lazima ulitazame. Likikasirika, pumzi yake hubadilika na mwendo wake huongezeka kasi. Likikaribia kufa, huanza kuchechemea na kukimbilia pangoni kwake kulala. Kila pigo lake lina dalili inayolitangulia: kichwa kinarudi nyuma, mguu unakwaruza ardhi, mkia unainuka. Kwa ufupi, dubwana ni matini, na mwindaji asiyesoma hali chakula akashiba.

Mashine yenyewe ilikuwa na ugumu wake. PSP ina kitufe kimoja tu cha kuteleza, upande wa kushoto, ambacho humwendesha mwindaji kwa dole gumba. Kamera nayo huzungushwa kwa vitufe vya msalaba vilivyo juu yake, upande uleule. Anayetaka kukimbia na kutazama kwa wakati mmoja hulazimika kukunja kidole cha shahada kama ukucha wa mwewe na kukipitisha juu ya dole gumba. Wajapani waliupa mshiko huo jina lake, Monhan-mochi, yaani ushikaji wa Monhan. Sisi wenye vidole vilivyozoea chaki tulipata maumivu ya mkono siku mbili.

Mkufunzi na mwalimu

Sasa tufike kwa ndege wetu. Miongoni mwa madubwana ya mwanzo mwanzo yumo mmoja ambaye kwa Kiingereza huandikwa Yian Kut-Ku, na ambaye Wajapani humtamka Yan Kukku. Ana mdomo mpana kama koleo, magamba ya rangi ya waridi, na masikio makubwa yanayofunguka kama vipepeo vya ukili. Mpwa wetu alipomtaja mara ya kwanza tulicheka. Mchezo uliotungwa Osaka, na ndege aliyemo anaitwa karibu sawa na kuku wetu wa uani! Tangu siku hiyo sisi tulimwita Kuku. (Wanafunzi watafurahi kusikia kwamba katika mchezo huohuo mnyama anayeitwa Popo harukiruki usiku. Ni mnyama mkubwa mwenye manyoya mazito na pembe, anayekula majani thelujini.)

Katika kijiji cha Pokke kuna shule ya mafunzo yenye mkufunzi wake. Ni mtu wa makelele na maneno mengi, naye hueleza silaha zote na matumizi yake. Wachezaji wa Japani humwita kyokan, yaani mkufunzi, kwa kuwa ndicho cheo chake. Lakini jina la heshima la sensei, mwalimu, walimpa yule ndege. Wanasema Kukku-sensei. Hakuna aliyewaagiza. Waliona wenyewe ni nani aliyewafundisha.

Tulijiuliza kwa nini. Ndege huyu haelezi chochote. Kazi yake ni kumponda mwanagenzi. Hata hivyo, ukimtazama kwa makini utaona kwamba mapigo yake machache yamechaguliwa kwa busara. Hukimbia moja kwa moja kumvamia mwindaji, kisha hujikwaa na kuanguka kifudifudi, na hapo mwindaji hupata nafasi. Hudonoa ardhi mfululizo. Huzunguka na kupiga kwa mkia. Hutema moto. Mambo hayohayo, kuvamia, kuzungusha mkia na kutema moto, mwindaji atakutana nayo baadaye kwa Rathian na Rathalos, madubwana makubwa yenye mabawa ambayo hayana huruma. Aliyemwelewa Kuku ana msingi wa kuwaelewa hao. Aliyemshinda kwa bahati tu atayajua madeni yake mbele ya safari.

Aidha, dalili za Kuku ni kubwa kuliko za madubwana mengine. Akikasirika, moto humvuja mdomoni na hurukaruka kwa hasira. Akikaribia kufa, yale masikio yake makubwa hukunjika na kulala. Ukilipua karibu naye bomu la sauti, hupigwa na bumbuwazi kwa kuwa ana masikio makali, na mwindaji hupata muda wa kumshambulia, ingawa baada ya hapo hasira humpanda. Ni kana kwamba waliomtunga walisema: mtihani huu ni mgumu, lakini lazima usomeke.

Yaliyotupata

Kuku alitushinda mara saba. Tunaziorodhesha baadhi ya mara hizo kwa sababu hapo ndipo penye hoja yetu.

Mara ya kwanza tulimkimbilia mdomoni tukapigwa na ule mdonoo wa mfululizo. Mara ya pili tulikunywa dawa mbele yake, na tukiwa tunatunisha misuli akatuvamia. Mara ya tatu hatukuwa tumenoa upanga, ukadunda, tukayumba, akatupiga kwa mkia. Mara ya nne tulisahau muda, dakika 50 zikatuishia tukiwa bado tunamtafuta porini.

Mpwa wetu hakutukaripia hata mara moja. Kila tuliporudishwa kambini kwa mkokoteni aliuliza swali lilelile: "Mjomba, umeona nini?" Mwanzoni tulijibu kwa hasira kwamba hatukuona kitu. Baadaye tukaanza kuona. Tulijua kila mara kwa nini tumeshindwa, na baada ya dakika moja tulikuwa tena porini tukijaribu kutorudia kosa lile. Kwa saa nzima tulikosea mfululizo wala hatukujisikia wajinga. Tunakiri kwamba hatukumbuki ni lini mara ya mwisho tulisema hivyo kuhusu darasa lolote tulilowahi kukaa kama wanafunzi.

Jambo la pili lilihusu lugha. Katika jaribio la nane Kuku alianza kuchoka. Mpwa wetu, aliyekuwa akitazama juu ya bega letu, alipiga kelele: "Mjomba, masikio yake imelala!" Ungekuwa ni wakati wa darasa tungesimamisha shughuli, tukaeleza ngeli ya LI-YA, tukaandika mifano mitano ubaoni. Lakini Kuku alikuwa akichechemea kuelekea pangoni na dakika zilikuwa zikiyoyoma. Tulijibu tu, bila kufikiri: "Naam, yamelala! Anakimbilia wapi?" Naye akajibu: "Anapanda juu! Masikio yamelala, Mjomba, mfuate!"

Tulimfuata, na katika dakika ya 38 Kuku akaanguka. Lakini kwetu sisi ushindi wa jioni ile ulikuwa lile neno "yamelala". Hatukumfundisha upatanisho huo usiku ule. Aliusikia katika wakati alioutaka, akauchukua, akautumia kwa sababu alikuwa na jambo la kusema. Alihitaji pia neno la mwendo wa mnyama aliyeumia mguu. Alikuwa akisema "anatembea vibaya". Tulimpa "anachechemea" mara moja tu, na halikumtoka tena.

Kosa linalosomeka na kosa lisilosomeka

Usiku ule, vyombo vikiwa vimeoshwa (ni sisi tuliovunja sharti, kwa neno moja la Kiingereza ambalo hatutaliandika hapa), tulikaa mezani kwenye rundo la karatasi za zoezi la wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza. Tulikuwa tumezisahihisha kabla ya likizo. Juu ya rundo palikuwa na karatasi ya kijana mmoja aliyeandika, "Kiti yangu imevunjika." Tulikuwa tumeipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Sarufi!" Katika ukurasa uleule neno hilo "Sarufi!" lilikuwa limeandikwa mara nne, na mwishoni tulikuwa tumeongeza: "Makosa mengi. Jitahidi."

Tulijiuliza swali la mpwa wetu. Kijana huyu akiiona karatasi hii, ataona nini? Ataona kwamba amepigwa. Hataona amepigwa kwa nini, wala pigo lilitoka upande gani, wala la kufanya ili lisimpate tena. Tukakumbuka pia kwamba kijana yule, aliyekuwa akinyoosha mkono darasani katika majuma ya kwanza, alikuwa ameacha kunyoosha.

Tukaitazama upya sentensi yake, kama mtu amtazamavyo Kuku. Kijana ni Mganda. Kwa Kiganda kiti ni entebe, na kiti changu ni entebe yange. Huenda basi kwamba alipoandika "kiti yangu" alikuwa ametumia upatanisho sahihi kabisa wa nomino ya Kiganda, akaubandika kwenye nomino ya Kiswahili. Mistari miwili chini yake alikuwa ameandika "kitabu changu" bila kukosea. Hilo nalo lina maelezo, kwani Kiganda husema ekitabo kyange, na wingi wake ebitabo byange, karibu sawa na vitabu vyangu. Vivyo hivyo "mti wangu" aliupata, maana kwao ni omuti gwange.

Kumbe kijana hakuwa akikosea ovyo. Makosa yake yalikuwa na utaratibu, na dalili zake zilikuwa wazi kama masikio ya Kuku. Sisi ndio hatukuzisoma. Tulikuwa tukipiga gamba kwa upanga butu na kulaumu gamba kwa kudunda.

Jambo hili si dogo katika nchi yetu. Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa shule hizo watatoka katika idara kama yetu. Wengi wa wazazi na babu zao walikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa askari, kama lugha ya kuamrishwa. Mwanafunzi akija kwetu na woga huo, kisha nasi tukampokea kwa kalamu nyekundu isiyoeleza, atahitimu akiwa anajua kanuni na anaogopa kusema. Naye atakwenda kuwafundisha watoto woga uleule.

Mapendekezo

Hatupendekezi kwamba idara inunue mashine za michezo, wala kwamba wanafunzi wafunge vitabu wakawinde. Michezo hii hula muda, na kijana asiye na mipaka atakesha. Aidha, si kila mtu hupendezwa na uwindaji, hata ukiwa wa kubuni. Tunachopendekeza ni kuazima namna ule mchezo unavyolitendea kosa.

(a) Kosa lipewe jina lake na chanzo chake. Badala ya "Sarufi!" tuandike, kwa mfano: "kiti: KI-VI. Linganisha na kitabu changu." Maneno hayo matano au sita hayachukui muda mwingi, na mwanafunzi anapata pa kushika.

(b) Kosa lifuatwe na jaribio la mara moja. Mwindaji akizimia hurudishwa porini upesi, naye angali anakumbuka. Mwanafunzi wetu hurudishiwa karatasi baada ya majuma matatu, na nafasi ya kujaribu tena haipo mpaka mtihani wa mwisho. Tumpe mwanya wa kusahihisha na kurejesha, na apate alama kwa kusahihisha.

(c) Idadi ya majaribio iwe na kikomo. Nafasi tatu na saa inayokwenda humfanya mtu ajiandae. Bila kikomo tungekunywa dawa mbele ya Kuku hadi leo.

(d) Katika mazungumzo tusisimamishe mawindo. Mwanafunzi akisema "masikio imelala", mwalimu ajibu kwa umbo sahihi na mazungumzo yaendelee. Maelezo ya ngeli yasubiri mwisho wa kipindi. Hata hivyo, katika maandishi kosa lisipitwe, kwa kuwa pale mwanafunzi ana muda wa kulitazama.

(e) Zoezi la kwanza gumu lichaguliwe kwa makini. Lisiwe jepesi la kumpumbaza mwanafunzi, wala lisiwe la kumvunja moyo. Liwe na mambo machache ambayo atakutana nayo tena katika mambo makubwa. Kwa mfano, kifungu kifupi kinachokutanisha ngeli tatu tu, kimilikishi na kitenzi, humwandaa mwanafunzi kwa insha nzima, kama Kuku anavyomwandaa mwindaji kwa Rathalos.

Msamiati kidogo

Kwa walimu watakaotaka kuzungumzia michezo hii na wanafunzi wao, tunatoa maneno machache tuliyoyatumia nyumbani. Mengine ni ya kale na yalikuwa yakitungoja: kinoo (jiwe la kunolea), kunyemelea (kumwendea mnyama polepole bila kishindo), kuvizia (kumngojea kwa kujificha), kuchechemea (kutembea kwa mguu unaouma), kuchuna (kutoa ngozi), mwanagenzi (anayejifunza kazi). Mengine tuliyapa kazi mpya: kitufe, kioo, kambi, dubwana. Mpwa wetu alipendelea "skrini" badala ya "kioo", nasi hatukubishana naye, kwa kuwa wasemaji wengi husema hivyo.

Hitimisho

Muhula ulipofunguliwa tulizirudisha zile karatasi darasani zikiwa na maelezo mapya, na tukatoa juma moja la kusahihisha. Hatutadai kwamba miujiza ilitokea. Baadhi walinakili tu majibu ya wenzao. Lakini yule kijana wa kiti alikuja baada ya kipindi, karatasi mkononi, akasema: "Mwalimu, kumbe nilikuwa nafikiri kwa Kiganda. Nilidhani ni ujinga." Tulimwambia kwamba tulikuwa tumedhani ni uvivu, na kwamba sote wawili tulikosea. Juma la tatu alinyoosha mkono. Alichosema kilikuwa na makosa mawili, na mara hii tuliyasikia vizuri.

Mpwa wetu amerudi shuleni na mashine yake. Ametuachia kazi ya kujifunza jina la Rathian kabla ya likizo ijayo, kwani anasema huko hakuna mwalimu. Yule ndege naye hajastaafu: mwaka 2025 alirejea katika toleo jipya la Monster Hunter Wilds, bado na masikio yake makubwa. Walimu wenzetu wenye mifano ya makosa yaliyotokana na Kiganda, Kinyankole, Kiacholi au lugha nyingine za wanafunzi wao tunawaomba watuletee, ili katika toleo lijalo tuyakusanye pamoja na kuyasoma.